Shuka Steji Inayofuata

Neno lililohubiriwa Kitale ibada ya Jumapili, na tena Bungoma ibada ya katikati ya wiki
Andiko kuu: Mithali 24:16
Maandiko mengine: Yohana 21:1–17, Ruthu 2:14–18, Maombolezo 3:22–23

Mwambie jirani yako, "Leo mchungaji anaingia jikoni." Mwambie asiogope, hatuji kuhesabu chapati za mtu.

Nimeombwa na idara ya akina mama nifundishe juu ya jambo ambalo hatulisemi madhabahuni. Tunahubiri juu ya pombe, tunahubiri juu ya uzinzi, juu ya fungu la kumi ndiyo usiseme. Lakini kuna ndugu na dada humu ndani ambao daktari amewaambia, "Punguza kula." Mmoja ni presha, mwingine ni sukari, mwingine magoti yamekataa kubeba mwili. Wakaanza vizuri. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Halafu ikaja sherehe moja, wakala mpaka wakashindwa kuinuka kwenye kiti. Tangu siku hiyo wameacha kila kitu: mpango wa chakula, kutembea, kliniki, na wengine hata kanisa wanakuja kwa kujificha. Hao ndio ninaongea nao leo. Mnanisikia?

Tena si watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya, ule wa KDHS wa mwaka wa 2014, ulionyesha kwamba hapa Kenya wanawake 33 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa hivyo ukimwona dada yako amekataa soda, usimcheke. Yuko vitani.

Sasa tusome andiko letu kuu. Sulemani anatufundisha kwamba hata mtu wa haki huanguka, tena si mara moja, anataja mara saba. Hakusema ni mwovu ndiye anayeanguka na mwenye haki yeye hutembea tu wima. Wote wanajikwaa. Kinachomtenga mwenye haki ni kwamba anasimama. Andika hapo kwenye daftari yako: haki haipimwi kwa kutoanguka, inapimwa kwa kuinuka.

1. GARI UMEPITISHWA, LAKINI HUJAFUNGIWA NDANI

Wengi wenu mmesafiri kutoka Bungoma kuja Kitale. Ukifika Webuye unajua barabara inagawanyika. Moja inapanda Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, hadi hapa kwetu. Nyingine inaenda Turbo na Eldoret. Sasa fikiria umepanda matatu, umechoka, umelala. Unastuka unaona gari limeshapita Webuye na linakimbilia Eldoret. Utafanya nini?

Mtu mwenye akili atapiga kelele, "Dere, nishushe hapo mbele!" Atashuka steji inayofuata, atavuka barabara, atapanda gari la kurudi Webuye. Amepoteza nusu saa na nauli kidogo. Atafika Kitale jioni badala ya mchana, lakini atafika.

Je, umewahi kuona mtu anayesema, "Kwa vile nimeshapotea, wacha tu niende hadi Nairobi"? Huyo tungemwombea! Lakini kwa habari ya chakula, hivyo ndivyo tunavyofanya. Mtu amekula vibaya Jumamosi mchana. Steji iliyofuata ilikuwa chakula cha jioni. Hakushuka. Jumapili asubuhi, hakushuka. Anasema, "Nitaanza Jumatatu." Jumatatu ikafika akasema, "Mwezi umeshaharibika, nitaanza mwezi ukianza." Mwezi ukaanza akasema, "Si Krismasi imekaribia?" Ndugu yangu, uko Nairobi saa hii, na shida yote ilikuwa kona moja pale Webuye.

Sahani ile moja ya Jumamosi haikukuharibu. Kilichokuharibu ni wiki sita ulizoongeza juu yake ukisema umeshaharibika.

2. UONGO UNAOITWA "NIMESHAHARIBU"

Hili jambo hata wasomi wamelichunguza. Mwaka wa 1975 watafiti wawili wa huko Marekani, Herman na Mack, walitoa ripoti ya utafiti waliofanya na wanafunzi wa kike wa chuo kikuu. Wengine walipewa kwanza maziwa mazito yenye sukari, wengine hawakupewa. Baadaye wote wakaletewa aiskrimu, wakaambiwa waionje wapendavyo. Wale ambao hawakuwa wakijinyima, wakishakunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo, kwa sababu tumbo lilikuwa na kitu. Lakini wale waliokuwa wakijinyima walifanya kinyume. Wakishakunywa maziwa, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao waliokuwa hawajanywa chochote!

Umeelewa? Si njaa iliyowasukuma. Tumbo lilikuwa limejaa zaidi, na bado wakala zaidi. Ni wazo. Wazo limewaambia, "Sheria umeshaivunja, kwa hivyo leo hakuna sheria." Nasema hivi kwa ujasiri: wazo hilo tunalijua kanisani. Ni sauti ileile inayomwambia kijana aliyeteleza mara moja, "Wewe umeshachafuka, rudi tu duniani kabisa." Ibilisi hahitaji kukuangusha mara mia. Anakuangusha mara moja, halafu anakuhubiria mahubiri marefu ukiwa bado umelala chini.

Nimepewa ruhusa na mama mmoja wa ushirika wetu wa Bungoma nimtaje bila jina. Ana ugonjwa wa sukari kwa miaka kadhaa. Mnakumbuka Agosti ya 2024, ulikuwa mwaka wa tohara. Kwa Wabukusu mambo hayo huja kila mwaka wa pili, na mwezi wa nane ukifika njuga zinalia kila kijiji, jamaa wanatoka Nairobi, wanatoka Mombasa, mjomba anachinja ng'ombe, kuku hawana amani. Mama huyu alikuwa amejitunza miezi mitano. Kijana wa dada yake alikuwa anaingia jando. Akaenda, akala. Ugali, nyama, chapati, wali, soda mbili. Na huko kwetu mnajua, mgeni akikataa sahani ni kama ametukana boma.

Asubuhi yake akapima sukari kwa ile mashine yake ndogo. Akaona namba, akaogopa. Alifanya nini? Aliifunga mashine kwa leso akaificha chini ya nguo kabatini. Siku ya kliniki ikafika, hakwenda. Aliniambia kwa maneno yake, "Pastor, nilijua nitagombezwa." Akapitisha kliniki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dawa zikaisha, hakufuata nyingine. Siku ya meza ya Bwana alikuwa anabaki nyumbani akisema ana mafua. Huyu ni mama wa maombi! Siku moja binti yake anamsaidia kuosha miguu, akaona kidonda chini ya kidole ambacho mama mwenyewe hakuwa amekisikia. Wale wenye sukari mnajua hilo ni jambo zito, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuua hisia za miguu, kidonda kikaanza bila maumivu, na mtu akapoteza mguu.

Sasa niambieni, ni ile nyama ya jando iliyoleta kidonda? Nyama ilikuwa siku moja. Ni aibu iliyokaa miezi.

Na hapa nataka niwape habari njema inayotoka kwa madaktari. Kuna kipimo kinaitwa HbA1c. Hiki hakiangalii ulikula nini jana. Kinaangalia wastani wa sukari kwenye damu yako kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu. Hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Miezi mitatu ni siku 90. Ukila mara tatu kwa siku, hiyo ni milo 270. Sherehe moja ni mlo mmoja kati ya 270! Ukishuka steji inayofuata, imebaki milo 269 ya kuamua kipimo chako. Haleluya? Lakini usiposhuka, milo yote 270 inakuwa sherehe.

Na wewe unayepanda mizani asubuhi baada ya harusi, ukaona umeongeza kilo mbili, ukalia. Nyamaza kidogo. Mwili ukipata ugali na wali mwingi unaweka akiba kwenye ini na misuli, na akiba ile inashika maji. Chumvi ya nyama nayo inashika maji. Sehemu kubwa ya zile kilo ni maji na chakula ambacho bado kiko njiani. Ukirudi kwa utaratibu wako, siku chache zinatosha maji yale kuondoka. Usihukumu safari ya mwezi mzima kwa mizani ya asubuhi moja.

3. USIGEUZE MFUNGO KUWA FAINI

Kuna wengine wakishakula vibaya hawakati tamaa, wao wanakuwa wakali. "Kwa vile nimekula hivi, sasa nafunga siku tatu kavu, mwili ujue nani mkubwa!" Inasikika kiroho sana. Lakini wacha niseme ukweli.

Mfungo ni ibada. Mtu anafunga ili amtafute Mungu. Hatufungi ili tulipe deni la chapati. Deni letu lililipwa Kalvari, na halikulipwa kwa njaa yako. Halafu angalia matokeo: anayejinyima siku tatu kwa hasira, siku ya nne anakula kama aliyetoka jela. Anaanguka tena, anajiadhibu tena. Hiyo ni gurudumu, si safari.

Na kwa wenye sukari, hili ni jambo la uhai. Kama unatumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, ukimeza dawa halafu usile, sukari inaweza kushuka ghafula. Utatoka jasho, utatetemeka, utachanganyikiwa, unaweza kuzimia. Watu watasema ni mapepo, kumbe ni sukari imeshuka. Usifunge kabla ya kuongea na daktari wako. Na usiache dawa kwa sababu umekula vibaya, wala usiongeze dawa kwa akili yako ili "kufuta" sherehe. Ukisikia kiu isiyoisha, unakojoa kila mara, unatapika, unapumua kwa kasi, usingoje ushirika uje kuomba. Piga simu boda boda ije, tutakuombea ukiwa njiani kwenda hospitali. Mungu anayeponya ndiye aliyewapa madaktari akili.

Watu wa Kitale, ninyi ni wakulima, mnaelewa lugha hii. Mwaka wa 2017 viwavi jeshi walipoingia kwenye mahindi yetu hapa Trans Nzoia na kule Bungoma, nani alichoma shamba lake lote kwa hasira? Watu walishika pampu wakanyunyizia dawa, wengine wakatembea mche kwa mche. Na ukichelewa palizi wiki mbili, magugu yakapanda, hung'oi mahindi pamoja na magugu. Unarudi na jembe pale ulipoachia. Utavuna kidogo kuliko ulivyotarajia, lakini utavuna. Mbona mahindi unayahurumia kuliko mwili wako, ambao Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu?

4. BWANA ANAANZA NA KIFUNGUA KINYWA

Sasa twende pwani ya ziwa, Yohana 21. Lakini kwanza kumbuka usiku ule wa mateso. Wanafunzi wawili walianguka vibaya usiku huo mmoja. Yuda alimsaliti Bwana, Petro alimkana mara tatu. Wote wawili walijuta. Mathayo anatuonyesha Yuda akijuta hadi akarudisha zile fedha. Luka anatuonyesha Petro akilia kwa uchungu. Kujuta walijuta wote! Tofauti yao ni walikokwenda baada ya kujuta. Yuda alikwenda peke yake. Petro, na aibu yake yote, alirudi akakaa na wenzake. Kwa hivyo Yesu alipokuja alimkuta.

Nisieleweke vibaya. Kula kupita kiasi si sawa na kumkana Bwana. Biblia inaukemea ulafi na sitauficha, lakini pia sitaki mtu atoke hapa anafikiri nyama ya harusi imemtupa motoni. Ninachosema ni hiki: kama kuna njia ya kurudi kwa aliyemkana Mwana wa Mungu mara tatu, je, kwako wewe uliyemaliza wali na soda hakuna njia?

Na angalia Bwana alivyomrudisha. Petro alimkana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Sasa anafika ufukweni asubuhi, anakuta moto wa makaa tena! Juu yake kuna samaki, na mkate. Ni nani amepika? Ni Yesu mwenyewe, aliyefufuka. Kabla ya kumwuliza Petro swali hata moja, anawaita wale kwanza. Hakuanza na kusoma orodha ya makosa. Alianza na mlo wa asubuhi wa kawaida: samaki na mkate. Baada ya kula ndipo akamwuliza Petro kama anampenda, na akampa kazi.

Ninaliona neno hapa. Mlo wako unaofuata si kesi mahakamani. Ni mahali Bwana anakungoja. Kula kifungua kinywa chako, kile ulichopangiwa, kwa kiasi ulichopangiwa, kwa shukrani. Yeremia alikuwa amekaa juu ya magofu ya mji alipokumbuka kwamba rehema za Mungu hazikuisha usiku ule, zinakuja mpya kila kukicha. Hakusema kila Jumatatu. Hakusema kila Januari. Kila asubuhi!

Yule mama wa Bungoma alirudi hivyo. Binti yake alimpeleka kliniki akitetemeka. Muuguzi hakumgombeza, alimsafisha kidonda, akamwambia, "Mama, nafurahi umekuja." Alipewa dawa, akaanza upya. Ilichukua wiki nyingi kidonda kufunga, na bado anavaa viatu vya kufunika vidole. Sisemi kwamba sukari yake imeisha. Nasema mashine imetoka chini ya nguo, inakaa mezani karibu na Biblia yake. Na Jumapili ya meza ya Bwana alikuwa mstari wa pili. Mpigieni Bwana makofi!

5. SASA NIFANYE NINI?

Mahubiri yasiyofika jikoni hayajamaliza safari. Shika kalamu.

Kwanza, usingoje siku maalum. Kama umekula vibaya mchana, steji yako ni jioni. Usiruke mlo, kula mlo wa kawaida. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma, managu, kunde, mrenda, tunazo tele na nyingine zinaota zenyewe. Robo iwe maharagwe, samaki, yai au kipande cha nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, kiasi cha ngumi yako. Ngumi yako wewe, si ya mzee wa kanisa!

Pili, inuka utembee. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari kutoka kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Huhitaji kwenda jim. Tembea kutoka ushirika kwa miguu, wacha boda boda ipite.

Tatu, kunywa maji, na uiangalie soda kwa macho ya kiroho. Shirika hilohilo linasema ni vizuri zaidi sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Soda nyingi za nusu lita zina gramu 50 hivi. Chupa moja, na umekula sukari ya siku mbili kabla hujagusa chai.

Nne, sema na mtu mmoja. Petro alibaki na wenzake. Mpigie dada yako wa maombi umwambie, "Jana nilianguka, leo nimeshuka steji." Aibu inakua gizani kama uyoga. Na siku yako ya kliniki iheshimu kama siku ya ibada, hasa ukiwa umeharibu. Daktari si hakimu.

Tano, jifunze kwa Ruthu. Boazi alimkaribisha chakula. Ruthu alikuwa na njaa kweli, ametoka kuokota masazo juani. Andiko linasema alikula, akatosheka, na akabakisha. Kilichobaki alimpelekea Naomi nyumbani. Mnaona? Hakukataa sahani ya mwenyeji, na hakujilazimisha kuimaliza. Ukienda kwa sherehe, beba kibakuli chenye kifuniko. Mwambie mwenyeji, "Hii nimeipenda sana, nampelekea mama nyumbani." Umeheshimu boma, umelinda mwili, na kuna mtu mwingine amekula.

6. NENO KWA WENYE MEZA

Kabla sijafunga, niongee na ninyi mnaopika, mama zangu na dada zangu, na ninyi wazee mnaoketi mbele. Tumefanya chakula kuwa kipimo cha upendo. Kwa Waluhya mgeni asipoona kuku anajiuliza amekosea wapi. Ni desturi nzuri, siivunji. Lakini tusimlazimishe mtu. Usimwambie mwenye sukari, "Kula tu, kwa jina la Yesu haitakudhuru." Hiyo si imani, hiyo ni kumjaribu Bwana kwa mwili wa mwingine. Paulo aliandikia Warumi kwamba chakula kisimwangushe ndugu. Kwenye semina zetu, harambee zetu na hata matanga, weka jagi la maji karibu na kreti za soda. Weka mboga nyingi. Mtu akisema, "Imetosha," mwambie, "Asante kwa kuja." Na akija kukuambia ameanguka, usimwambie, "Nilijua tu." Washa moto wa makaa, mwekee samaki.

MWITO NA MAOMBI

Kama wewe ndiye umelala kwenye gari ukapitishwa, simama hapo ulipo. Huna haja ya kuja mbele wala kusema ulikula nini. Weka mkono kifuani, tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyempikia Petro asubuhi ile, asante kwa sababu hukuchoka nasi. Mwili huu ni wako. Wale waliokata tamaa juu ya miili yao, wape nguvu ya kusimama leo, si Jumatatu. Waliokimbia kliniki kwa aibu, warudishe. Walioacha dawa, wakumbushe. Ponya, Bwana, na utufundishe kushirikiana na uponyaji wako kila tunaposhika sahani. Nyumba zetu zisiwe mahali pa kulazimishana, ziwe mahali pa kuinuana. Katika jina la Yesu, Amina.

KWA USHIRIKA WA NYUMBANI WIKI HII

1. Someni Mathayo 27:3–5 na Yohana 21:1–17. Yuda na Petro walifanana wapi, na walitofautiana wapi?
2. Je, kuna kitu chochote, cha chakula au kisicho cha chakula, ambacho umekiacha ukisema "nimeshaharibu"? Steji yako inayofuata ni ipi?
3. Ushirika wetu unapopika, tunawarahisishia au tunawapa shida wale wenye sukari na presha? Kubalianeni jambo moja la kubadilisha kabla ya mkutano ujao.
4. Chagueni wawili wawili. Kila mmoja amwulize mwenzake katikati ya wiki, "Umeshuka?"